Esansi ya Beni na Butembo huanzia Kipevu: Bandari mpya ya mafuta ya Mombasa imepunguza foleni ya meli, lakini si foleni zote

Mashariki mwa Jamuhuri ya Kidemokrasia ya Congo iko mbali na bahari, lakini bei ya esansi ya Beni, Butembo na Bunia huanza kufanyizwa baharini. Mafuta mengi yanayoingia Kivu Kaskazini na Ituri kwa kupitia Uganda hushushwa Mombasa, inchini Kenya, mahali panapoitwa Kipevu. Kama meli imekawia pale siku kumi, gharama ya siku hizo kumi haibaki Mombasa. Inaingia ndani ya bomba pamoja na mafuta, inapanda kamiyo, inavuka mpaka wa Kasindi, na mwishowe inalipwa na motari, mwenye mashine ya kusaga na hospitali inayowasha jenereta usiku.

Tangu mwezi wa nane mwaka wa 2022, Kipevu ina bandari mpya ya mafuta yenye gati nne, iliyojengwa ndani ya maji kwa miliare 40 za shilingi ya Kenya. Kazi hiyo imeondoa shida ya zamani ya meli kupanga foleni baharini zikingojea gati moja tu. Ila kwa wakaaji wa mashariki mwa Congo, jibu si jepesi namna hiyo. Foleni ikipungua baharini inaweza kuonekana tena kwenye matangi, kwenye bomba na kwenye barabara, na huko ndiko bei yao inaamuliwa.

Gati moja kwa karibu miaka 60

Bandari ya zamani ya mafuta ya Kipevu ilianza kazi mwaka wa 1963, mwaka ule ule Kenya ilipopata uhuru. Karibu nayo, Changamwe, kulikuwa kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi. Kwa wakati ule mpango ulikuwa wa kueleweka: meli inaleta mafuta ghafi, kiwanda kinayasafisha, na inchi za jirani zinanunua esansi, mazuti na mafuta ya taa.

Mambo yaligeuka pole pole. Magari yaliongezeka Kenya, Uganda, Rwanda na mashariki mwa Congo. Kiwanda cha Changamwe kilizeeka, na mwaka wa 2013 kikaacha kusafisha mafuta. Tangu hapo, karibu kila lita inayotumiwa katika njia hii inafika tayari imesafishwa, na meli zake zilikuwa zinapokelewa kwenye gati ile ile ya 1963, iliyoweza kuhudumia meli moja tu kubwa kwa wakati mmoja.

Meli moja ikiwa kwenye gati, zingine zinatia nanga na kungoja. Katika biashara ya bahari, kungoja kunalipiwa. Mwenye kukodi meli hupewa muda wa kushusha mzigo. Muda huo ukipita, analipa kwa kila siku inayozidi, na kwa meli kubwa ya mafuta malipo hayo hufika makumi ya maelfu ya dola kwa siku. Muagizaji hayamezi mwenyewe, anayaweka ndani ya bei. Serikali ya Kenya ilipozindua bandari mpya ilisema kwamba kwa malipo hayo ya kukawisha meli peke yake, wanunuzi wataokoa miliare 2 za shilingi kila mwaka.

Kilichojengwa

Ujenzi ulianza mwaka wa 2019. Kazi ilipewa kampuni ya China Communications Construction Company, na gharama ilibebwa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya, inayojulikana kwa herufi KPA. Rais Uhuru Kenyatta aliizindua tarehe 4 mwezi wa nane 2022, siku tano mbele ya uchaguzi uliomaliza muda wake wa utawala.

Bandari hiyo ni kama kisiwa kirefu cha saruji na chuma, chenye urefu wa metre 770, katika mkono wa bahari wa Port Reitz. Ina gati nne, na ilipangwa iweze kupokea meli zenye kubeba mpaka tani 200.000. Mabomba matano yanapita chini ya bahari kwenda inchi kavu. Yanaweza kupitisha aina mbalimbali: mafuta ghafi, mafuta mazito ya viwanda, esansi, mazuti, mafuta ya ndege na gesi ya kupikia.

Jambo moja la ujenzi huo halionekani kwa macho. Mabomba yale yalizikwa metre 26 chini ya sakafu ya bahari. Sababu ni kwamba njia ya meli ya Mombasa inaweza kuchimbwa zaidi siku zijazo ili meli kubwa kuliko za leo zipite. Kama mabomba yangelazwa karibu na juu, kazi hiyo ya kuchimba ingeyakata, au ingehitaji kuyahamisha na kufunga bandari.

Meli inavyoshushwa

Meli ya mafuta haifiki tu na kufungua bomba. Ikikaribia, nahodha anatoa taarifa kwamba yuko tayari kushusha. Tangu taarifa hiyo saa inaanza kuhesabiwa, na kila upande unaiandika. Rubani wa bandari anapanda ndani ya meli na kuiongoza katika njia nyembamba, na meli ndogo za kuvuta zinaisukuma pole pole mpaka igande kwenye gati. Hapo inafungwa kwa kamba nene.

Mbele ya tone moja kutoka, wapimaji wanapanda. Wanapima kimo cha mafuta ndani ya kila tangi la meli, wanapima joto, wanachukua sampuli na kuzipeleka kwenye maabara. Joto lina maana kubwa, kwa kuwa mafuta yakipashwa yanavimba: lita za mchana wa jua si sawa na lita za usiku wa baridi. Kosa dogo katika mzigo wa makumi ya maelfu ya tani ni pesa nyingi, na ugomvi mwingi wa biashara hii unaanzia kwenye hesabu hiyo.

Sampuli zikikubaliwa, mikono mikubwa ya chuma ya gati inaunganishwa na meli. Pampu za meli yenyewe ndizo zinazosukuma mafuta kwenda inchi kavu. Watu wa gati wanafuata nguvu ya msukumo, wanachunguza kama kuna uvujaji, na wanazungumza kwa redio na watu wa matangi, kwa kuwa valvu ikifungwa vibaya upande mmoja, bomba linaweza kupasuka upande mwingine. Hakuna moto, hakuna sigara, hakuna simu ya kawaida kwenye gati.

Kwa gati nne, kazi hizo zinaweza kufanywa kwa meli zaidi ya moja kwa pamoja. Meli ya mazuti haihitaji tena kungoja meli ya esansi imalize. Hiyo ndiyo faida kubwa ya Kipevu mpya.

Tangi likijaa, gati nne hazisaidii

Mafuta yakitoka kwenye meli yanaingia matangi ya Kampuni ya Bomba ya Kenya, KPC, pale Kipevu na kwenye kiwanda cha zamani cha Changamwe, ambacho KPC ilikichukua mwaka wa 2023. Kiwanda hakisafishi tena, lakini matangi yake yana kazi mpya: kuweka mafuta yaliyosafishwa kwingine.

Hapa ndipo foleni inaweza kurudi. Kwa muda mrefu Kenya iliagiza mafuta kwa mnada: kampuni moja inashinda na kuleta mzigo wa wote, kisha kila muuzaji anachukua sehemu yake kutoka kwenye matangi. Mpango huo ulisaidia kupunguza bei, lakini matangi yalibaki ya wote. Muuzaji akikosa soko au dola, au akikawia kutoa mafuta yake ya kwenda inchi jirani, tangi linabaki limejaa. Meli inayofuata inafika, gati iko wazi, wafanyakazi wapo, lakini hakuna mahali pa kumwaga. Saa inaendelea kuhesabu, na malipo ya kukawisha meli yanarudi kwa mlango wa nyuma.

Tanzania imepitia shida ya namna hiyo. Dar es Salaam, bandari inayotegemewa sana na Lubumbashi na Kolwezi, ina gati za Kurasini na boya kubwa baharini upande wa Kigamboni, ambapo meli inafungwa mbali na inchi kavu na kushusha kwa bomba. Lakini mafuta yalikuwa yanagawanywa kwenye matangi ya makampuni mbalimbali, moja baada ya lingine, na meli zilikawia. Ndiyo maana Mamlaka ya Bandari ya Tanzania ilianza kujenga Kigamboni matangi 15 yenye kubeba jumla ya metre kibe 378.000, ili meli imwage mahali pamoja na kuondoka, kisha mgawanyo ufanywe inchi kavu. Wakenya walianza na gati, Watanzania wakaweka nguvu kwenye matangi. Bandari ya mafuta inahitaji vyote viwili.

Bomba moja, mafuta tofauti

Kutoka Mombasa mafuta yanapanda kwenda Nairobi kwa bomba. La kwanza lilianza kazi mwaka wa 1978. Katika miaka ya 1990 njia iliendelezwa mpaka Nakuru, Eldoret na Kisumu, magharibi mwa Kenya, na mwaka wa 2018 bomba jipya la kilometre 450, lenye upana wa inchi 20, lilichukua kazi ya lile la zamani kati ya Mombasa na Nairobi.

Ndani ya bomba moja zinapita aina tofauti za mafuta, zikifuatana kama mabehewa ya treni. Mazuti yanatangulia, esansi inafuata, kisha mafuta ya ndege. Hakuna ukuta kati yao. Mahali zinapogusana zinachanganyika, na mchanganyiko huo unatolewa na kuwekwa kando. Kwa hiyo mwenye bomba hawezi kubadilisha aina kila saa kwa kumfurahisha kila muuzaji. Anapanga zamu, na mwenye kukosa zamu anangoja.

Eldoret na Kisumu ndipo bomba linaishia kwa mafuta ya Uganda na Congo. Kutoka hapo kamiyo zinachukua mzigo: Malaba au Busia, Kampala, kisha Mpondwe na Kasindi kwa wanaokwenda Beni na Butembo, au kaskazini zaidi, Goli na Mahagi, kwa wanaokwenda Ituri. Kutoka Mombasa mpaka Kasindi ni zaidi ya kilometre 1.500. Kisumu ilijengewa pia gati ya mafuta kwenye Ziwa Victoria, ili sehemu ya mzigo wa Uganda ivuke kwa meli na kupunguza kamiyo barabarani.

Mafuta ya kwenda inchi za nje hayalipi kodi ya Kenya. Kwa sababu hiyo yanatiwa alama maalumu ya kimaabara, ili mtu akiyauza ndani ya Kenya kwa siri akamatwe. Mwenye kamiyo analipa dhamana na anafuatwa kwa vifaa vya setilaiti. Kila kituo cha ukaguzi kina sababu yake, na kila kimoja kinakula muda.

Wenye bandari wanapogombana

Matukio ya 2023 yalionyesha kwamba gati nzuri peke yake haileti utulivu. Mwezi wa tatu mwaka huo, Kenya ikiwa na upungufu wa dola, iliacha mnada na kufanya mapatano na makampuni matatu ya serikali za Ghuba: Saudi Aramco, ADNOC na ENOC. Kenya ilipewa siku 180 za kulipa. Makampuni machache ya Kenya yakachaguliwa kupokea mzigo.

Uganda, inayotegemea Mombasa kwa sehemu kubwa ya mafuta yake, ililalamika kwamba watu wa kati wanapandisha bei. Iliamua kampuni yake ya serikali, UNOC, ijiagizie yenyewe kwa msaada wa kampuni ya Vitol. Kenya ilikawia kutoa ruhusa ya kutumia bomba. Mwishoni mwa 2023 Uganda ilipeleka kesi kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki ya Arusha. Mwaka wa 2024 pande mbili zilielewana, na katikati ya mwaka huo UNOC ikaanza kuleta mafuta yake kwa kupitia Kipevu.

Congo haikuwa kwenye meza hiyo, ijapokuwa mafuta ya Beni, Butembo na Bunia yanapita kwenye gati, bomba na barabara zile zile. RDC ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Uganda ilikuwa na kampuni ya serikali, mkataba na mahakama ya kukimbilia. Wauzaji wa mashariki mwa Congo wananunua kila mmoja kwa nguvu yake, kutoka kwa makampuni yanayofanya kazi Kenya na Uganda. Inchi mbili zikigombana juu, wao wanapokea bei ikiwa tayari imeamuliwa.

Serikali ya Kinshasa hupanga bei rasmi ya mafuta kwa kanda, na kanda ya mashariki ina bei yake. Magharibi mwa inchi hupokea mafuta kwa kupitia Ango-Ango, karibu na Matadi, kwenye mto Congo. Inchi hutoa mafuta ghafi upande wa Muanda, lakini inayauza nje na kuagiza yaliyosafishwa. Kwa hiyo bei rasmi haiwezi kwenda mbali na gharama ya njia. Ikiwekwa chini kuliko gharama hiyo, vituo vinafunga, na mafuta yanaonekana kwa kadafi kando ya barabara, ndani ya bidoni, kwa bei anayoipanga mwenyewe.

Vita vinaongeza uzito. Bunagana ilipochukuliwa na M23 mwezi wa sita 2022, mlango mmoja wa mizigo ya Uganda kuelekea Goma uligeuka, na wafanyabiashara wakatafuta njia zingine. Kamiyo inayozunguka inachoma mafuta ili kuleta mafuta.

Hatari inasafiri pamoja na mzigo

Kuna sababu nyingine ya kutazama bandari ya mafuta kwa makini, nayo ni uhai wa watu. Mwezi wa nne 2005, meli ya Ratna Shalini ilitobolewa ilipokuwa ikifika kwenye gati ya zamani ya Kipevu, na mafuta ghafi yakamwagika katika Port Reitz. Mikoko, ambayo ni mahali pa samaki kuzalia, iliharibika. Tarehe 12 mwezi wa tisa 2011, esansi ilivuja kutoka kwenye bomba Nairobi, katika mtaa masikini wa Sinai, watu wakakimbilia kuichota, moto ukawaka. Watu zaidi ya 100 walikufa.

Congo inayo kumbukumbu yake. Tarehe 2 mwezi wa saba 2010, kamiyo ya mafuta iliyotokea Tanzania ilipinduka Sange, kati ya Uvira na Bukavu. Watu walikusanyika, wengine kuchota, wengine walikuwa tu ndani ya nyumba au wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto uliua watu zaidi ya 230.

Matukio hayo yanaonyesha kwamba hatari inabadilika kadiri mafuta yanavyosogea. Kwenye gati kuna wapimaji, wazima moto na sheria. Kwenye bomba kuna ulinzi, ijapokuwa haukutosha Sinai. Mwishoni mwa safari, kwenye barabara mbovu ya Kivu, mzigo ule ule unabebwa na dereva mmoja, katikati ya vijiji, pasipo gari la kuzima moto karibu.

Kazi iliyobaki upande wa Congo

Meli kungoja kidogo Mombasa ni faida ya kweli kwa Beni na Butembo, lakini ni faida ndogo ndani ya bei ndefu. Sehemu zingine za bei hiyo ziko karibu zaidi: depo za kuweka akiba, ili mji usikauke kwa sababu mpaka umefungwa siku tatu, barabara ya Kasindi mpaka Beni, hesabu ya kodi na malipo yanayodaiwa kwenye duane, na ununuzi wa pamoja, ambao ndio uliowapa Waganda nguvu ya kuzungumza.

Hakuna kati ya hayo kinachohitaji bahari. Wajenzi wa Kipevu walizika mabomba metre 26 chini ya sakafu ya bahari kwa ajili ya meli ambazo bado hazijafika. Kwenye mlango wa Kasindi, kamiyo zinazotoka kwenye bandari hiyo bado zinangoja barabarani, na kila siku ya kungoja inaongezwa kwenye lita, kama ilivyokuwa baharini mbele ya 2022.